Nikimfuata Shchepkin Kinyumenyume

Alhamisi, 12 Desemba 2019. Moscow

Koti nililonunua mtumbani kwa ajili ya safari hii lina uzito wa godoro, na Moscow hakuna hata chembe ya theluji. Manyunyu tu na lami inayong'aa. Mwenyeji wangu, tuliyekaa naye bweni moja Voronezh miaka ya themanini, ananicheka tangu uwanja wa ndege.

Nafundisha maigizo sekondari, Tanga. Wanafunzi wangu wana ugonjwa mmoja: wakipanda jukwaani hawaongei tena, wanahubiri. Mtoto ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akimtania mwenzake kwa sauti yake ya kila siku, mpe nafasi ya baba mwenye nyumba, atafoka kama mnadi wa samaki. Miaka yote nimewasimulia habari za mwigizaji Mikhail Shchepkin, kwamba ndiye aliyewazoesha Warusi kuongea jukwaani kama watu wanavyoongea barazani. Mwaka huu nimepata nauli, nimekuja kuona alikopita.

Mpango ulikuwa nianzie alikozaliwa. Lakini mwenyeji wangu anakaa karibu na kituo cha metro cha Rizhskaya, na kutoka kwake makaburi ya Pyatnitskoye unayafikia kwa miguu. Kwa hiyo nimeanzia mwisho, na mwenyeji wangu anasema basi endelea hivyo hivyo, rudi nyuma mpaka umkute mtoto.

Kaburi lenyewe ni jiwe kubwa lisilochongwa sana, kama limeng'olewa mlimani likaletwa hivyo lilivyo. Maandishi yake, kwa Kiswahili, yangekuwa: "Kwa Mikhail Semyonovich Shchepkin, msanii na mtu." Hakuna cheo chochote. Alifia Yalta, pwani ya Crimea, Agosti 1863, akiwa na miaka 74, na mwili ukaletwa huku kote ili alale karibu na rafiki yake Granovsky, mwanahistoria aliyemtangulia kwa miaka minane. Nimesimama pale mpaka soksi zikalowa. Neno lililonishika ni hilo la mwisho, "mtu". Kwa wengine wote waliozikwa jirani lingekuwa neno la ziada. Kwa huyu lilihitaji kuandikwa, kwa sababu nusu ya kwanza ya maisha yake alikuwa mali ya mwinyi.

Ijumaa, 13 Desemba. Moscow

Nimeswali Ijumaa Msikiti Mkuu wa Moscow, ule uliojengwa upya ukafunguliwa 2015. Watu wamejaa mpaka nje, Watatari, Wauzbeki, Watajiki, na Waafrika wachache tunaotafutana kwa macho. Nilipotoka nikagundua kwamba nyumba ya Shchepkin iko mtaa wa jirani tu. Mtaa wenyewe sasa unaitwa kwa jina lake.

Ni nyumba ya mbao, ndogo, imebanwa na majengo ya kisasa. Alikaa hapa miaka yake ya mwisho. Mama mlinzi wa chumba, mwenye shali mabegani, alinitazama kwanza kwa mashaka, halafu aliposikia Kirusi changu cha Voronezh akaanza kunifuata chumba hadi chumba akinihadithia, na mimi sikumzuia.

Shchepkin hakuwahi kula peke yake. Nyumba zake zote zilijaa: watoto, wajukuu, mayatima wa waigizaji wenzake, wazee wasio na pa kwenda, wanafunzi. Mkewe, Yelena, alikuwa Mturuki kwa asili. Majeshi ya Urusi yalipoiteka ngome ya Anapa mwaka 1791 alikutwa pale akiwa mtoto mdogo, akalelewa na Warusi. Alikua mwanamke huru, na aliolewa na Shchepkin akijua kabisa kwamba sheria ya wakati ule ilimgeuza mke wa mtwana kuwa mtwana. Nimeliandika hilo daftarini mara mbili.

Hapa pana suala la maneno. Warusi wanasema krepostnoy, mtu aliyefungwa kwenye ardhi ya mwinyi wake, na vitabu vingi vinakwepa kusema "mtumwa". Lakini mtu huyo aliuzwa, aliwekwa rehani, alichapwa, na hakuoa bila ruhusa. Sisi watu wa pwani tulikuwa na msamiati mpana kwa mambo haya, kwa aibu yetu. Shchepkin tungemwita mzalia: aliyezaliwa ndani ya nyumba ya bwana, wazazi wake wakiwa watumishi wa ndani. Baba yake alikuwa msimamizi wa mali za mwinyi Wolkenstein, na mama yake mjakazi wa bibi wa nyumba hiyo. Mzalia hakulima. Alivaa vizuri, alisoma, alikula mabaki ya meza kuu. Na bado alikuwa wa kuuzwa.

Mama mlinzi alifurahi zaidi alipofika kwa mwandishi Gogol. Mwaka 1832, Shchepkin akiwa mezani na kundi lake la kawaida la walaji, mlango ukafunguliwa, akaingia kijana asiyemjua mtu yeyote, na badala ya salamu akaanza kuimba wimbo wa Kiukraine wa boga linalotembea bustanini likiuliza habari za ndugu zake. Ndivyo walivyojuana. Wote wawili walikulia kwenye lugha hiyo. Baadaye Shchepkin alimsimulia Gogol kisa cha paka wa bibi yake, na Gogol akakitia kwenye hadithi yake ya wazee wawili wa shamba. Shchepkin alipokisoma akamwambia, "Paka huyo ni wangu!" Gogol akajibu: "Lakini madume ni ya kwangu!" (Katika hadithi paka jike anatoroshwa na madume ya msituni.)

Jumamosi, 14 Desemba. Moscow

Jumba la maonyesho la Maly. Lilifunguliwa Oktoba 1824, na Shchepkin alikuwa ameshaingia kundi la Moscow mwaka mmoja kabla. Mlangoni ameketi kwenye kiti Ostrovsky, mtunzi wa tamthilia, sanamu ya shaba, na jumba lote huitwa Nyumba ya Ostrovsky. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mzee Shchepkin hakuzipenda tamthilia za Ostrovsky. Aliziona chafu kidogo, zimejaa wafanyabiashara na ulevi. Kizazi kipya kilimpita hapo, na nadhani alikosea. Lakini ukizunguka kona, barabara ya Neglinnaya, kuna chuo cha uigizaji chenye jina lake, na vijana waliokuwa wakivuta sigara mlangoni wanakiita tu "Shchepka", yaani kibanzi cha mti. Jina la mzee ndipo lilipotoka, Bwana Kibanzi. Hata mwili wake ulilikanusha: alikuwa mfupi, mnene, wa duara. Wahusika wa kimahaba hakuwaweza, aliwaachia wengine kama Mochalov, aliyekuwa akilia na kunguruma mpaka wanawake wanazimia.

Alichoweza ni watu. Famusov katika tamthilia ya Griboyedov. Simon, baharia mzee anayerudi nyumbani kutoka vitani akakuta mkewe ameshaolewa na mwingine. Na juu ya wote, mkuu wa mji katika tamthilia ya Gogol ambayo kwetu ilitafsiriwa kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ilipoletwa Moscow, Mei 1836, Gogol hakuja. Alimwandikia Shchepkin aisimamie mwenyewe.

Miaka kumi baadaye Gogol, akiwa ameshazama kwenye dini, aliandika maelezo mapya: kwamba wale maofisa wala rushwa si maofisa hata kidogo, ni tamaa zilizomo rohoni mwa kila mmoja wetu. Akataka yaigizwe, tena kwa kumtumia Shchepkin. Jibu la Shchepkin la mwaka 1847 lipo. Alikataa. Hao ni watu, alimwambia, watu hai, niliokua kati yao na karibu kuzeeka nao. Usininyang'anye. Nikishakufa wageuze hata mbuzi, lakini sasa hivi simtoi hata polisi Derzhimorda.

Fikiria mtoto wa kijakazi akimwandikia hivyo mwandishi mkubwa kuliko wote nchini. Na fikiria anagombania nani: wakuu wa mji, mahakimu, polisi, walewale waliokuwa na haki ya kumpiga bakora.

Usiku nimekaa roshani ya juu kabisa, tiketi ya bei ndogo, mchezo wa Ostrovsky. Waigizaji waliongea kwa sauti ya kawaida, na nilisikia kila neno.

Jumapili, 15 Desemba

Nimefua. Mvua.

Jumatatu, 16 Desemba. Nizhny Novgorod

Treni kutoka Moscow imetumia muda wa saa nne hivi. Shchepkin alipokuja hapa Desemba 1857 reli ilikuwa haijajengwa. Alikuja kwa sledi, zaidi ya kilomita mia nne juu ya theluji, akiwa na miaka 69.

Alikuja kumwona rafiki. Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine, alikuwa ametoka kumaliza miaka kumi ya uhamisho jeshini, na serikali ilimzuia kuingia Moscow na Petersburg. Akakwama Nizhny. Shchepkin akaona kama yeye hawezi kuja, basi mimi nitakwenda. Alifika tarehe 24, saa tisa usiku. Shevchenko alikuwa akiandika shajara, na siku hiyo ameiita sikukuu ya sikukuu zote. Shchepkin alipanda jukwaani mjini hapa katika siku hizo, akacheza pia Kiukraine, na tarehe 29 usiku wa manane akaondoka. Shajara inahesabu: siku sita, siku sita za maisha kamili.

Nimetembea mpaka juu ya ngome, pale unapoona mto Oka ukiingia Volga. Upepo hapa ni wa kweli, koti langu hatimaye limepata kazi. Nilikuwa nawaza bei. Shevchenko naye alizaliwa mtwana. Mwaka 1838 alinunuliwa uhuru kwa rubo 2,500, na fedha zilipatikana hivi: mchoraji Bryullov alichora picha ya mshairi Zhukovsky, picha ikachezeshwa bahati nasibu. Shchepkin alinunuliwa kwa mchezo wa kuigiza. Alikuwa Poltava, katika kundi lililokuwa chini ya Kotlyarevsky, mtunzi ambaye tamthilia zake ndizo zilizoanzisha jukwaa la Kiukraine. Mwaka 1818 likafanyika onyesho maalumu, mapato yake kwa ajili ya uhuru wake, na gavana Repnin akasimamia michango. Warithi wa mwinyi walidai rubo 10,000 kwa ajili yake na familia. Fedha hazikutosha, Repnin akajazia, na kwa miaka kadhaa Shchepkin akawa, kwa karatasi, mali ya mfadhili wake. Huru kabisa akawa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, ni baba wa watoto, na jina lake lilijulikana Kharkov na Poltava yote.

Kwa hiyo wazee wawili waliokaa hapa wakinywa chai siku sita kila mmoja alikuwa na bei yake kichwani. Sijui kama waliizungumzia. Mwaka mmoja baadaye, Shevchenko akiwa ameruhusiwa kuingia Petersburg, alimchora Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York aliyekuwa akiwaliza Warusi kwa kumwigiza Othello. Picha hiyo ninayo kwenye simu. Nimeitazama tena leo, kwenye upepo.

Jumanne, 17 Desemba

Nizhny hadi Moscow. Nimelala njia nzima.

Jumatano, 18 Desemba. Treni ya Kursk

Redio inasema leo Moscow imevunja rekodi ya joto kwa tarehe hii. (Baadaye nikasikia kwamba Mwaka Mpya walilazimika kuleta theluji ya kutengeneza kwa malori.)

Behewa la wazi, vitanda vya juu na chini, chai kwenye glasi zenye vishikio vya chuma. Usiku tumepita Oryol. Mji huo ulikuwa na jumba la maonyesho la mwinyi Kamensky, na waigizaji wake walikuwa watwana wake. Inasimuliwa kwamba alikaa na daftari akiandika makosa yao, mijeledi ikiwa imetundikwa nyuma yake, na wakati wa mapumziko alipita nyuma ya pazia na kuadhibu, kisha mchezo ukaendelea. Shchepkin alimfahamu mwigizaji mmoja wa kike wa kundi hilo, fundi wa ajabu aliyevunjwa moyo na mwenye mali. Alimsimulia mwandishi Herzen, na Herzen akaandika hadithi, Kunguru Mwizi, iliyotoka 1848, akamtunukia msimuliaji. Ndivyo alivyokuwa: hakuandika vitabu, alikuwa akigawa visa. Gogol alichukua, Herzen alichukua. Hata kumbukumbu zake mwenyewe alizianza kwa kusukumwa. Mshairi Pushkin alichoka kumwambia andika, andika, na Mei 1836 akachukua daftari akamwandikia mstari wa kwanza kwa mkono wake: nilizaliwa mkoa wa Kursk, wilaya ya Oboyan, kijiji cha Krasnoye, kando ya mto Penka. Sasa endelea, mzee.

Saa hizi wote behewani wanakoroma, kila mtu kwa lafudhi yake.

Alhamisi, 19 Desemba. Kursk

Kursk ni mji wa vilima, nimeuzunguka kwa basi la umeme na miguu. Ndugu Barsov walikuwa na kundi lao la maonyesho hapa. Shchepkin, kijana wa miaka kumi na saba, alipenya humo kwa kazi za pembeni: kunakili maneno ya wahusika, kuwanong'onezea waigizaji wanaposahau. Novemba 1805 mwigizaji mmoja alipotea siku ya onyesho. Alikuwa mgahawani, amecheza karata mpaka hana kitu. Nani anajua maneno yake? Kijana anayenong'oneza. Akacheza Andrei, msafirisha barua, katika tamthilia ya Mercier. Ndio mwanzo.

Nilichotaka kukifikiria hapa ni kile alichojifunza kwanza, kwa sababu alikieleza vizuri sana. Uigizaji bora wakati ule ulikuwa hivi: hakuna anayeongea kwa sauti yake. Maneno kama mapenzi, usaliti, shauku, unayapiga kelele kwa nguvu zote. Na ukimaliza maneno yako ukitaka kutoka, sharti uinue mkono wa kulia juu, ndipo uondoke. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilipiga meza. Hao ni wanafunzi wangu!

Aliigiza hivyo kwa miaka mitano, akasifiwa. Mwaka 1810 alialikwa kutazama mchezo wa watu wa hali ya juu Yunakovka, kwenye shamba la mwinyi mwingine. Bwana mkubwa mmoja, Meshchersky, alikuwa akicheza bahili Salidar. Shchepkin alianza kwa kumdharau: huyu hajui, anaongea tu, mikono haichezi. Kisha akajikuta hawezi kumwondolea macho. Bahili anaogopa kupoteza fedha zake, na Shchepkin anaogopa pamoja naye. Mchezo ulipokwisha watu walimpigia makofi Meshchersky, Shchepkin amekaa analia.

Akataka kufanya hivyo. Akashindwa. Hii ndiyo sehemu ninayowaambia wanafunzi, na ndiyo hawaipendi. Alijaribu siku nyingi, na kila akianza kuongea, sauti ya jukwaani ilikuwa inajitokeza yenyewe. Hakuelewa kwamba ukijilazimisha kuwa wa kawaida unakuwa bandia mara mbili. Mpaka siku moja wanafanya mazoezi ya tamthilia ya Molière, yeye ni Sganarelle, wamerudia mno, amechoka, hana hamu, akayatamka tu maneno bila kuyaigiza. Akashtuka. Amesikia mtu akiongea.

Nimekula supu ya kabeji kwenye mgahawa mmoja karibu na stesheni, nikajaribu kuagiza kikombe cha pili kwa sauti ya Shchepkin wa 1805, mkono wa kulia juu. Mhudumu hakucheka. Aliniletea.

Ijumaa, 20 Desemba. Sudzha

Basi dogo, muda wa saa mbili na kidogo, mashamba meusi pande zote. Sudzha uko karibu sana na mpaka wa Ukraine. Yunakovka ya Meshchersky iko upande wa pili, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo siendi. Krasnoye nako sifiki, iko mkoa mwingine na siku zimeniishia. Stendi, askari aliikagua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akauliza nimefuata nini. Nikasema Shchepkin. Akanyoosha kidole: "Pale."

Sanamu ni ya kichwa na mabega, juu ya nguzo, na ilisimamishwa kwa michango mwaka 1895. Alisoma mji huu akiwa mtoto, baada ya baba yake kumwombea nafasi. Shuleni mwalimu alileta kitabu cha tamthilia, kichekesho cha Sumarokov, na wavulana wakapewa wahusika. Shchepkin akacheza mtumishi, Rozmarin. Mkuu wa mji aliposikia, akataka wakaigize nyumbani kwake, wageni wake wacheke.

Nilisimama pale chini ya kichwa cha shaba nikikihesabu kisa hiki kwa vidole. Mtoto mtwana, anacheza mtumishi, sebuleni kwa mkuu wa mji. Wakati wote huo macho yake yalikuwa wapi? Mimi nadhani yalikuwa kwa mwenye nyumba: anavyokaa, anavyomwita mtumishi, anavyocheka akiwatazama wageni kwanza ili aone kama nao wanacheka. Miaka zaidi ya thelathini baadaye alipovaa koti la mkuu wa mji wa Gogol, Moscow nzima ilimjua mtu huyo.

(Nalinakili daftari hili sasa, na Sudzha ule siujui tena. Agosti 2024 vita viliingia mjini humo, na hata Yunakovka upande wa pili imo katika habari za mapigano. Bibi nitakayemtaja hapa chini sikuwahi kumwuliza jina.)

Karibu na sanamu alikuwapo bibi na mjukuu wake wa miaka sita au saba, wanasubiri basi. Mtoto alikuwa akikariri shairi la sherehe ya Mwaka Mpya ya shule, habari za Babu Baridi na mti. Alikuwa akilipiga kelele mpaka njiwa wameruka, na kila alipofika mwisho wa ubeti mkono wa kulia ulikuwa unapanda juu.

"Mbona unanifokea," bibi akamwambia. "Mimi si niko hapa?"

Mtoto akanitazama, akamtazama bibi, akaanza upya.